Punje, Unga na Sukari ya Damu

Wanga ni akiba ya chakula ya mmea. Mhindi, mpunga, muhogo, mgomba na kiazi huunganisha maelfu ya chembe za sukari iitwayo glukosi kuwa minyororo mirefu, kisha huikunja minyororo hiyo na kuishindilia ndani ya vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtu anapokula, mwili hufanya kazi ya kinyume: huifumua minyororo na kuirudisha glukosi mojamoja. Ndiyo maana sahani ya ugali isiyotiwa hata chembe ya sukari huishia kuwa sukari ndani ya damu. Hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa sana ni kwamba wanga wote haufumuliwi kwa kasi moja, na kwamba kasi hiyo ndiyo inayoamua kama sukari ya damu itapanda taratibu, kama bahari inavyojaa, au itaruka ghafla.

Kazi ya kufumua huanzia mdomoni. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachokata minyororo ya wanga, na ndiyo sababu kipande cha muhogo wa kuchemsha kikitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa kitamu. Tumboni asidi huisimamisha kazi hiyo kwa kiasi kikubwa. Kisha tumbo hukiachia chakula kidogokidogo kuingia utumbo mwembamba, ambako kongosho humwaga amilesi nyingine, na kuta za utumbo humalizia kwa kuvunja vipande vilivyobaki. Hapo glukosi hupenya, hupitia kwenye ini na kusambaa mwilini.

Ukubwa wa mzigo huo unashangaza. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na akiwa hajala, damu yote hiyo hubeba kama gramu 5 tu za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai. Sahani ya wali yenye uzito wa gramu 400, ambayo si kubwa kwa mtu mwenye njaa, hutoa zaidi ya gramu 100. Mara 20 ya kilichokuwamo! Mzigo huo ukiingia kwa muda wa saa 3, insulini kutoka kwenye kongosho hupata nafasi ya kuusukuma ndani ya misuli na ini kadiri unavyofika. Ukiingia kwa wingi ndani ya saa ya kwanza, kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi kwa mkupuo. Kwa mtu mwenye afya, sukari hufika kileleni kati ya dakika 30 na 60 baada ya kuanza kula, na saa 2 zikitimia huwa imeshashuka chini ya milimoli 7.8 kwa lita. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, insulini huchelewa, au inatoka lakini mwili hauiitikii ipasavyo. Kilele chake huwa kirefu zaidi, huchelewa kufika, na huchelewa kushuka.

Mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, mji uleule ambako insulini iligunduliwa mwaka 1921, walichapisha njia ya kuipima kasi hii kwa vyakula 62. Watu walipewa chakula chenye gramu 50 za wanga au sukari inayoyeyushwa, kisha damu yao ikapimwa mara kwa mara kwa saa 2. Ongezeko lililoonekana lililinganishwa na lile la glukosi tupu, iliyopewa alama 100. Kipimo hicho kiliitwa fahirisi ya glaisemia. Siku hizi chakula chenye alama 55 au pungufu huhesabiwa kuwa cha polepole, na chenye 70 au zaidi kuwa cha haraka.

Alama hizo zina funzo kubwa kwa meza ya asubuhi ya Dar es Salaam. Kwenye vituo vya daladala vya Barabara ya Bagamoyo, kama Tangi Bovu na Africana pale Mbezi Beach, siku huanza kwa chai na maandazi, vitumbua, chapati au vipande vya mkate mweupe. Mtu akiambiwa ana kisukari, jambo la kwanza analofanya mara nyingi ni kuacha sukari kwenye chai. Anafanya vyema. Lakini akibaki na vipande vinne vya mkate pembeni ya kikombe kile, sehemu kubwa ya mzigo bado ipo palepale. Wastani wa alama za mkate mweupe katika vipimo vilivyokusanywa duniani ni 75, ilhali sukari ya mezani ina takriban 65. Sababu yake ni kwamba nusu ya sukari ya mezani ni fruktozi, ambayo hupandisha glukosi ya damu kidogo sana, na mkate mweupe ni hasa wanga uliosagwa laini, ukaumuliwa, ukaokwa, ukawa kama sponji ambayo vimeng'enya huipenya kila upande. Ulimi hauonji utamu kwenye mkate. Damu inauona ndani ya nusu saa.

Ili kuelewa kwa nini chakula kimoja huenda mbio na kingine hujivuta, ni lazima kurudi kwenye vile vifuko vya wanga. Ndani yake mna minyororo ya aina mbili. Ya kwanza, amilosi, imenyooka na hulala kwa kubanana. Ya pili, amilopektini, ina matawi mengi kama mti, na kila ncha ya tawi ni mlango wa kimeng'enya kuingilia. Chakula chenye amilosi nyingi huyeyushwa taratibu zaidi. Vifuko vikiwa vibichi ni vigumu kuvunjwa. Vikipata maji na moto wa nyuzi 60 hadi 75 hivi za Selsiasi, vinavimba, vinapasuka, na minyororo inafunguka. Huko ndiko kuiva. Kadiri chakula kinavyopikwa kwa maji mengi na muda mrefu, ndivyo kinavyofunguka zaidi. Wali uliochambuka na wali bokoboko unaweza kutoka kwenye gunia moja la mchele, lakini bokoboko hukimbia zaidi.

Jambo jingine, na kwa chakula cha Kitanzania ndilo kubwa kuliko yote, ni kama punje imebaki nzima au imesagwa. Mwaka 1980 nchini Australia, Kerin O'Dea na wenzake waliwapa watu wali wa punje nzima, na siku nyingine mchele uleule ukiwa umesagwa. Uliosagwa ulipandisha sukari na insulini juu zaidi kwa wazi, iwe ni mchele mweupe au wa kahawia. Miaka mitatu kabla, watafiti wa Uingereza walikuwa wameonyesha jambo la kufanana na hilo kwa tofaa: lililotafunwa zima, lililopondwa, na lililokamuliwa juisi hayakuuacha mwili katika hali moja, ingawa tunda lilikuwa moja. Ukuta wa chembe ya mmea ni kama ganda. Ukibaki mzima, amilesi hulazimika kusubiri nje.

Hapa mahindi yanastahili kutazamwa kwa makini. Yakichemshwa mazima pamoja na maharage huwa makande. Yakikobolewa na kusagwa huwa sembe. Yakisagwa na maganda yake huwa dona. Ushauri unaosikika mara nyingi kwa wenye kisukari ni kuacha sembe na kula dona, na ushauri huo una msingi: dona ina nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, mafuta ya kiini na madini ambayo sembe imeyapoteza mashineni. Kosa ni kuamini kwamba dona, kwa sababu ni dona, haipandishi sukari. Mashine za kusaga za mtaani husaga laini. Ganda lililovunjwa kuwa vumbi lina faida kwa choo na kwa lishe, lakini halina tena uwezo wa kuufungia wanga ndani. Bonge kubwa la ugali wa dona laini linaweza kupandisha sukari karibu sawa na bonge la ukubwa uleule la sembe. Wapo wanaoongeza bonge kwa kuwa wameambiwa dona ni dawa, kisha wanashangaa kipimo cha kidoleni kinaposoma juu. Mchele nao ni hivyohivyo: wa kahawia una wastani wa 68, mweupe 73. Tofauti ipo, ila rangi peke yake haifanyi kazi kubwa kama inavyodhaniwa.

Makande ni habari nyingine kabisa. Punje za mahindi zimebaki na umbo lake, zinahitaji kutafunwa, na zimechanganywa na maharage, ambayo ni miongoni mwa vyakula vya wanga vya polepole kuliko vyote. Maharage mekundu yana wastani wa alama 24, adesi 32. Chembe za jamii ya kunde zina kuta imara zisizopasuka kwa urahisi hata baada ya kuchemshwa, amilosi yake ni nyingi, na protini iliyomo inaufunikafunika wanga. Chakula kinachochukuliwa na wengi kuwa cha shule za bweni na cha siku za ukata kinashinda vyakula vingi vya gharama vinavyouzwa katika migahawa ya mwambao wa Mbezi Beach. Mchanganyiko wa mahindi na maharage unastahili heshima kubwa zaidi ya ile unayopewa mezani.

Ugali wa mtama na uwele, unaoliwa zaidi Dodoma na Singida, una jambo lake pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Mali, ukiongozwa na Fatimata Cisse, ulipima muda ambao vyakula hukaa tumboni. Uji mzito wa nafaka za jadi, unaofanana na ugali, ulitoka tumboni taratibu sana, takriban kwa muda mara mbili ya ule wa wali, viazi au tambi. Tumbo ndilo mlinda lango wa utumbo. Likifungua polepole, sukari nayo huingia polepole.

Wali una siri nyingine, na siri hiyo imo ndani ya sufuria ya jana. Wali uliopikwa ukipoa, minyororo ya amilosi iliyofunguka kwenye maji ya moto huanza kujipanga upya na kushikana. Baadhi yake hushikana kiasi kwamba amilesi haiwezi tena kuikata. Sehemu hiyo huitwa wanga sugu. Hupita utumbo mwembamba bila kuyeyushwa na kuwa chakula cha bakteria wa utumbo mpana. Huko Indonesia, utafiti wa mwaka 2015 ulikuta gramu 100 za wali mweupe uliotoka motoni zina gramu 0.64 za wanga sugu. Wali uliowekwa kwenye friji kwa saa 24 kisha ukapashwa moto ulikuwa na gramu 1.65, na watu 15 waliokula wali huo sukari yao ilipanda kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo kiporo cha wali na maharage, kinachonywewa chai asubuhi katika nyumba nyingi za pwani, kina faida ambayo bibi zetu hawakuhitaji maabara kuipata.

Faida hiyo isikuzwe kuliko ilivyo. Gramu moja kwa kila gramu 100 haigeuzi sahani iliyojaa kuwa dawa. Pia wali unaolala nje ya friji katika joto la Dar es Salaam ni hatari, kwa sababu mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, huamka wali ukiwa vuguvugu, na hutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Kiporo salama ni kile kilichopozwa haraka, kikawekwa kwenye friji muda mfupi baada ya kupikwa, kikapashwa hadi kitoe mvuke. Asiye na friji apike kinachokwisha.

Tukirudi kwenye fahirisi, viazi mviringo vya kuchemsha viko juu, wastani wa 78. Viazi vitamu vya kuchemsha viko chini kidogo, 63, ingawa jina lao huwatisha wagonjwa wengi. Chipsi zina karibu 63 vilevile, na hapo ndipo mpaka wa kipimo hiki unapoonekana. Mafuta huchelewesha tumbo kuachia chakula, hivyo sukari hupanda polepole zaidi. Lakini chipsi mayai ya kila jioni huleta nishati nyingi mno, unene huongezeka, na unene ndio unaoifanya insulini ishindwe kufanya kazi. Alama ndogo ya fahirisi si cheti cha afya, na anayeitumia kutetea kikaango anajidhuru.

Ndizi hubadilika zikiwa bado kwenye mkungu. Ndizi mbichi imejaa wanga, tena mwingi wake ni sugu. Inapoiva wanga hugeuka sukari. Ikichemshwa ikiwa mbichi, kama inavyofanywa kwa ndizi nyama au mtori, sehemu kubwa ya wanga sugu hufunguka kwa moto, ila vipande vilivyobaki vigumuvigumu hujivuta kuliko vilivyopondeka.

Mwezi wa Ramadhani unaleta mambo haya yote katika sinia moja. Futari ya pwani ni mihogo, viazi vitamu, magimbi na ndizi katika tui la nazi, pamoja na tende na uji. Tui huchelewesha tumbo. Uji laini huenda mbio, na mwili uliofunga tangu alfajiri hupokea vyote kwa pamoja. Mwenye kisukari aliyeruhusiwa na daktari kufunga hufanya busara akianza kwa maji na tende moja au mbili, akapumzika kwa sala, kisha akala kunde au samaki pamoja na kipande cha muhogo, na uji mtamu ukawa kidogo au usiwepo. Daku ikiwa na maharage, kunde au choroko humshikilia kwa muda mrefu kuliko uji mweupe.

Kitoweo na mboga vina nguvu ambayo aghalabu hupuuzwa. Protini ya dagaa, samaki, maziwa ya mgando au maharage huamsha insulini mapema na kuchelewesha tumbo. Nyuzinyuzi zenye utelezi, kama za bamia na mlenda, huufanya mchanganyiko kuwa mzito utumboni, na glukosi huchelewa kuufikia ukuta. Mpangilio wa kula nao una athari: katika jaribio dogo lililofanyika New York na kuchapishwa mwaka 2015, watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili walikula chakula kilekile kwa mpangilio tofauti, na walipotanguliza mboga na nyama, wanga ukafuata baadaye, sukari yao ilikuwa chini waziwazi. Kwa sahani ya mama ntilie, maana yake ni kuanza na mchicha na maharage, ugali ufuate. Halafu mwendo: kutembea robo saa baada ya kula huifanya misuli ichote glukosi bila kusubiri insulini nyingi.

Suala hili si la watu wachache. Donald McLarty, daktari aliyefanya kazi katika hospitali ya Muhimbili, na wenzake walichapisha mwaka 1989 uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania na kukuta kisukari kwa asilimia 0.87 tu ya watu wazima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalilinganisha Ilala jijini Dar es Salaam na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Mjini, wanaume wenye kisukari walikuwa asilimia 5.9 na wanawake 5.7; kijijini 1.7 na 1.1. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa walio na umri wa miaka 25 hadi 64. Si haki kuutwika unga laini lawama zote hizo. Watafiti walitaja unene, kutofanya kazi za nguvu na maisha ya mjini kwa jumla. Lakini mkazi wa kitongoji kama Mbezi Beach anayekaa kwenye foleni asubuhi na jioni, akakaa kazini mchana kutwa, hana shamba la kuitumia glukosi inayofika kwa kishindo. Wanga wa haraka uleule uliomlisha babu yake aliyekuwa akilima humwelemea yeye.

Kwamba kasi yenyewe ina uzito kuliko inavyodhaniwa kumethibitishwa na dawa. Akaboze ni kidonge kinachozuia vimeng'enya vya ukuta wa utumbo visivunje wanga upesi. Hakiongezi insulini wala hakipunguzi chakula, kinachelewesha tu. Katika jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari waliotumia akaboze kwa zaidi ya miaka mitatu walipata kisukari kwa asilimia 32, na waliopewa kidonge kisicho na dawa kwa asilimia 42. Gesi tumboni iliwasumbua wengi, kwa sababu wanga usioyeyushwa juu huchachushwa chini.

Njia ya uhakika ya kujua chakula fulani kinamfanyia nini mtu fulani ni mashine ndogo ya kupima sukari kwa tone la damu la kidoleni. Apime kabla ya kula, na apime tena saa 2 baada ya tonge la kwanza. Akirudia hivyo kwa ugali siku moja, makande siku nyingine, na wali wa kiasi kilekile siku ya tatu, atapata orodha inayomhusu yeye kuliko jedwali lolote la Toronto.

Anayechoma insulini au kumeza vidonge vinavyoisukuma kongosho ana tahadhari moja ya ziada. Dawa iliyopangwa kwa ajili ya sahani ya wali inaweza kuzidi nguvu akibadili ghafla kwenda kwenye kunde na mboga, na sukari ikashuka mno. Mabadiliko makubwa ya chakula yaende pamoja na ushauri wa daktari wake. Na jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa vikimjia, makande hayatamsaidia wakati huo, wala maharage. Kama bado anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au glasi ndogo ya soda yenye sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15, na akishatulia ale chakula cha polepole. Akiwa amezimia, asinyweshwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.